Karambu na Ombi Lisilokataliwa

Sauti ya feni ndiyo iliyomwambia Karambu kwamba mambo yako sawa. Ilitoka chini ya meza, nyuma ya mashine ya kutoa nakala, ikivuma mchana kutwa kama nyuki waliofungiwa chunguni. Wanafunzi waliokuja mbio kuchapisha kazi zao pale dukani kwake Nchiru walidhani ni friji.

"Mathee, hiyo friji yako inalia. Ita fundi."

"Si friji. Ni askari wangu," angejibu. "Chukua karatasi zako uende, utafungiwa mlango wa darasa."

Walicheka. Yeye hakuwa anatania. Ile ilikuwa kompyuta ya zamani, aliyoipata ofisi moja ya Meru mjini ilipokuwa ikitupa vitu vyake, na ndani yake mlikuwa na nakala kamili ya mbeu.

Mbeu ilikuwa sarafu isiyoshikika. Ilianzishwa na vijana waliosomea kompyuta, Karambu akiwa mmoja wao, enzi zile alipokuwa bado na mume na muda. Mume alienda Isiolo kutafuta kazi na kazi ikamficha. Binti yao, Kendi, alikuwa shule ya bweni. Mbeu ilibaki. Kutoka Maua mpaka Embu, wakulima wa miraa, wasafirishaji na wenye maduka walilipana kwa mbeu kupitia simu zao. Haikuwa na ofisi wala meneja. Kulikuwa na mashine tu, zilizotawanyika kwa watu waliojitolea kuzitunza, na kila mashine iliweka kumbukumbu ya kila malipo tangu siku ya kwanza. Malipo yalikusanywa katika mafungu yaliyoitwa bloku, mashine zikipokezana zamu ya kufunga bloku moja baada ya nyingine, na kila bloku ilishikana na ile iliyoitangulia kama pete za mnyororo. Mashine moja ikifunga bloku yenye hila, nyingine zote ziliikataa. Basi. Ulinzi wote ulikuwa huo: kukataa.

Ndivyo alivyowaeleza kina mama wa Kianjai, kijijini kwao Tigania, siku alipowashawishi waingie. Walikuwa wafunga miraa, wanawake wenye vidole vyenye rangi ya majani, na mama yake mzazi, Ciakuthii, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Walikuwa wakiweka akiba wanunue shamba, moja tu, litakaloandikwa kwa majina yao wenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amerithi udongo.

"Na mwenye hiyo kitu akibadilisha mawazo yake?" Ciakuthii aliuliza.

"Haina mwenyewe, Mama. Sheria zake hazibadiliki mpaka kila mwenye mashine abadilishe ya kwake kwa mkono wake. Na mimi nina mashine. Nikikataa, hakuna wa kunilazimisha."

Kina mama walipiga makofi. Ciakuthii alimtazama bintiye kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu kipya.

"Hakuna?" alisema.

"Hakuna, Mama."

Neno hilo Karambu alilitoa mbele ya watu, na miaka iliyofuata kila feni ilipovuma alilisikia tena.

Shida ilianza kwa sababu mbeu ilipendwa. Kila bloku ilikuwa na ujazo wake, mdogo, uliopangwa hivyo makusudi ili hata kompyuta kuukuu yenye intaneti ya kusuasua iweze kwenda sambamba na nyingine. Lakini siku za soko malipo yalifurika. Yaliyokosa nafasi katika bloku hii yalisubiri ijayo, na ijayo ikajaa pia. Wakulima walisimama kando ya magari Maua, simu mkononi, miraa ikinyauka ndani ya majani ya mgomba.

Wakaitana mkutano katika hoteli moja ya Meru mjini. Walikuja wenye mashine wengi, wadogo kwa wakubwa. Karambu aliketi karibu na dirisha. Mbele yake alikaa Hirsi, msafirishaji wa Maua, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye alikuwa amemjua tangu mwanzo wa mbeu.

"Dada Karambu, mimi sina ubaya na wewe, wallahi," Hirsi alisema. "Lakini miraa haijui kusubiri. Gari langu linatoka saa sita. Malipo yakiingia saa nane, nimlipe nani, upepo? Tupanueni hizo bloku. Kikapu kikijaa unanunua kikubwa!"

"Nani atakibeba?" Karambu aliuliza. "Mashine yangu haiwezi. Ya mwalimu pale Kianjai haiwezi. Bloku zikiwa kubwa tutaachwa nyuma mmoja mmoja, mpaka zibaki mashine tatu, nne, za watu wenye majumba ya mashine. Siku hiyo wakitaka kubadilisha sheria nyingine, nani atawakataza?"

"Huyu anaongea kama tunaenda vitani," mtu akasema nyuma, na watu wakacheka.

"Si mnunue mashine mpya?" mwingine akachomekea. "Hiyo yako ilitumika kuhesabia kura za wakoloni!"

Karambu naye alicheka, maana kicheko kilikuwa cha haki. Kisha akawakumbusha. Sheria ikikazwa, mashine za zamani bado huelewana na mpya. Ikilegezwa, kama kupanua bloku, za zamani huziona bloku mpya kuwa haramu na kuzitupa. Hapo mnyororo hupasuka: kuanzia bloku fulani, pande mbili, sarafu mbili, kila upande ukijiita wa kweli. Bitcoin yenyewe ilipasuka hivyo mwaka 2017, kwa ugomvi huu huu wa ukubwa wa bloku. Ile ilikuwa kubwa ikastahimili. Mbeu je?

Hilo ndilo waliloliogopa wote. Wakubwa wangeweza kuvuka peke yao wakati wowote. Lakini wenye mashine ndogo wangebaki na Karambu, kwa kuwa wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha, na wafanyabiashara wangeona mbeu mbili na kukimbia zote mbili.

Mtu mmoja hakuwa amesema kitu tangu mkutano uanze. Aliitwa Mbaka. Alikuwa mtu wa Tharaka aliyehamia Embu, na huko Embu alikuwa na jengo zima la mashine, lenye majenereta na feni kubwa kama magurudumu. Alivaa sweta la kijivu na alikunywa chai yake polepole, akiipuliza.

"Basi imeshindikana," Hirsi alisema, akiinua mikono. Halafu, kwa kutaka kupoza hewa, akamgeukia Mbaka. "Lakini nyinyi mnashangaza. Si watu wa Tigania na watu wa Tharaka ni ndugu wa kiapo? Rafiki yangu mmoja wa Kianjai alinyang'anywa beberu hivi hivi, anatazama, anatabasamu! Eti haruhusiwi kukataa!"

Watu wakacheka tena. Mbaka hakucheka. Aliweka kikombe chini bila sauti.

"Mama Kendi," alisema, "baba yako ni wa ukoo gani?"

Karambu akajibu. Jibu lilitoka kabla hajalifikiria, kama mtu anavyojibu salamu. Ni baada ya kuutamka ukoo wa baba yake ndipo alipoona uso wa Mbaka ukitulia, na mkono wake ukirudi kwenye kikombe.

"Vizuri," Mbaka alisema. "Nilitaka kujua tu."

Njia yote ya kurudi Nchiru, Karambu alimfikiria fahali.

Alikuwa mtoto wa darasa la pili. Mgeni alitokea nyanda za chini za Tharaka, miguu imejaa vumbi, akasimama uani kwao, akasalimu, "Muga." Baba akamletea kigoda. Mgeni akala, akanywa, kisha akanyoosha kidole kwenye fahali, yule mwekundu, fahari ya baba yake, na akasema, "Naomba huyo." Baba akanyanyuka, akamfungua fahali, akampa kamba. Hakuuliza ni wa nini. Mama alilia nyuma ya jiko bila sauti, kisha akaosha uso na kumfungia mgeni viazi vya njiani.

Huyo ni gichiaro, baba alimweleza jioni hiyo. Ukoo wetu na wao walikula kiapo zamani, kabla ya babu wa babu. Gichiaro hamdanganyi gichiaro. Hamwagi damu yake. Akiombwa, hakatai. Na akikataa? Baba alielekeza macho upande wa pili wa bonde, kwa jirani yao aliyewahi kukataa mbuzi. Mwaka ule ng'ombe wake wote walitupa mimba, na mwanawe mkubwa alitoka asubuhi kwenda kuchota maji asionekane tena. Mtu wa mjini angesema ni ugonjwa wa mifugo, na vijana hutoroka. Karambu mwenyewe, baada ya chuo kikuu, alikuwa amesema hivyo mara nyingi. Lakini hakuwahi kusema hivyo Kianjai.

Mbaka hakuja Nchiru kwanza. Alienda Kianjai. Karambu alijua kwa simu ya mama yake.

"Kuna mtu amekula hapa," Ciakuthii alisema. "Gichiaro. Ameketi kwenye kigoda cha baba yako. Ana adabu sana. Hakuomba kitu. Nilimwuliza unataka nini, akasema anachotaka hakiko hapa."

Kesho yake, mvua ikinyesha, mlango wa duka ukafunguka. Mbaka alikung'uta mwavuli wake nje, akaingia, akasalimu, "Muga." Akasimama akisikiliza sauti chini ya meza.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Inafanya kazi kwa bidii, maskini." Akaketi. Hakuwa na haraka. "Mama Kendi, sikuja kama mwenye mashine. Hayo tuliyamaliza hotelini, ukanishinda. Nimekuja kama gichiaro wa baba yako. Naomba uiweke hiyo mashine kwenye sheria mpya. Na uwaambie wenzako kwamba umeiweka."

Mvua ilipiga mabati. Mwanafunzi mmoja aliingia, akaona nyuso zao, akatoka.

"Hilo si jambo la kuombwa hivyo," Karambu alisema. "Gichiaro ni wa mbuzi. Wa chakula. Wa njia."

"Nani alisema?"

Hakuna aliyesema. Wazee wa kiapo hawakujua kompyuta, kwa hiyo hawakuziondoa. Mfumo mzima alioujenga na wenzake ulisimama juu ya jambo moja, kwamba kila mwenye mashine aweze kusema hapana, na hawakuwahi kujiuliza kama kuna mtu duniani ambaye wao hawawezi kumwambia neno hilo. Alifikiria kumdanganya: aseme ndiyo, asifanye. Akamwona jirani wa ng'ambo ya bonde akizunguka boma lake akiita jina la mwanawe. Akamwona Kendi akiwa na sare ya shule, akitembea kuelekea mtoni.

Ndipo likamjia wazo, na likamfurahisha kama ngazi inavyomfurahisha aliye kisimani. Kamba ya gichiaro ina ncha mbili.

"Nitaiweka," alisema. "Na mimi naomba."

Kwa mara ya kwanza Mbaka alipepesa macho. "Omba."

"Wenzangu wote wakivuka, upande wa zamani utabaki bila mtu. Mashine yangu haiwezi kubeba pande zote mbili. Yako inaweza. Naomba mnyororo wa zamani uuweke hai kule Embu, chini ya sheria za zamani. Usiuzime. Siku kina mama wa Kianjai wakitaka kurudi, waukute."

Mbaka aliinamisha kichwa, akafikiri, akakinyanyua. "Umeomba usizimwe. Hautazimwa." Akamnyooshea mkono. Ulikuwa mkavu na wenye joto, mkono wa mtu mzima wa heshima zake, na Karambu aliushika kwa nguvu zake zote.

Mbeu ikavuka. Wenye mashine ndogo walimfuata, wengine wakiuliza kulikoni, na yeye akawajibu kwamba ameamua. Mchana wa kuvuka hakuna kilicholipuka. Bloku ya mwisho ya ukubwa wa zamani ilifungwa, ikafuatwa na kubwa, na upande wa pili wa mpasuko mnyororo wa zamani ukaendelea taratibu kule Embu, juu ya mashine moja. Akiba ya kila mtu ilionekana pande zote mbili, kama kivuli cha mti penye taa mbili. Hirsi alipiga simu akishangilia. Malipo yalikuwa yakiingia kabla dereva hajawasha gari. "Dada, Mungu akuzidishie!"

Lakini feni ilibadilika sauti. Ilivuma juu zaidi, bila kupumzika, kama mtu anayepanda mlima wa Nyambene na mzigo usio wake. Bloku kubwa zilimiminika kupitia intaneti ya Nchiru kama mchanga kupitia tundu la sindano. Mashine ya mwalimu wa Kianjai iliachwa nyuma, akaizima. Mwenye mashine wa Mikinduri naye akazima. Asubuhi moja Karambu alifungua duka akakuta kimya. Aligusa kompyuta, ikamchoma vidole. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikaa kwenye mapazia muda mrefu.

Halafu ikaja sheria nyingine. Wenye mashine zilizobaki, wachache sana sasa, walitangaza kwamba mbeu inayolala bila kutumiwa ni mzigo kwa mnyororo, kwa hiyo itapunguzwa kidogo kila mwezi. Wafanyabiashara hawakujali, zao hazikulala. Akiba ya kina mama wa Kianjai ilikuwa imelala miaka.

Walikuja Nchiru wenyewe, wakajaa duka hata wanafunzi wakakosa pa kusimama. Ciakuthii alikuwa mbele.

"Ulisema ukikataa hakuna wa kukulazimisha," mwanamke mmoja, Angeline, alisema. Hakupaza sauti. "Kataa sasa."

"Tutarudi upande wa zamani," Karambu aliwaambia. "Uko hai. Niliuombea." Alifungua kompyuta ya kawaida ya duka, akaiunganisha na mnyororo wa zamani kule Embu, na kweli, ulikuwa hai. Bloku mpya zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, kwa wakati, bila kosa. Akiba yao yote ilikuwepo. Kina mama wakapumua. Mwenye shamba walilotaka kununua alikuwa tayari kupokea mbeu za upande huo, kwa imani tu. Angeline akatuma malipo ya kwanza, kidogo, ya kujaribu.

Wakasubiri. Bloku ikafungwa. Malipo hayakuwemo. Ikafungwa nyingine. Karambu akazifungua kurudi nyuma, hiyo, na iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, mpaka siku ya kuvuka. Hapakuwa na kitu ndani ya hata moja. Mashine moja, zamu zote zake, ikifunga bloku tupu mchana na usiku, ikikataa kila malipo yaliyobisha hodi. Waligombana kuhusu ukubwa wa bloku mpaka wakapasuka, na sasa zile alizoziokoa zilikuwa hazina hata chembe.

Alimpigia Mbaka mbele yao wote.

"Umezima mnyororo."

"Haujazimwa, Mama Kendi," sauti ilisema kwa upole. "Wewe mwenyewe unauona. Uliomba usizimwe. Hukuomba nibebe mizigo ya watu."

Simu ikakatika. Kina mama waliondoka mmoja mmoja wakishika mikoba yao kwa mikono miwili.

Jumamosi hiyo Karambu alienda Kianjai. Alimkuta mama yake uani, amekitoa nje kigoda cha baba, kile alichokikalia Mbaka, amekilaza ubavu karibu na boma la mbuzi, miguu ikielekea nyanda za chini. Hakueleza; Karambu alijua ni namna ya wazee ya kukiachia kiapo kiamue. Alikuwa akichambua njahi kwenye ungo.

"Alisema kweli, Mama. Hakunidanganya. Kila neno alilolitamka ni kweli."

"Nimesikia."

"Basi kiapo hakijavunjwa."

Ciakuthii alitupa njahi iliyooza. "Hilo si lako kuamua. Wala lake."

Walikaa hivyo siku kadhaa, wakila bila kuongea sana, Karambu akisubiri asichokijua. Kigoda kilinyeshewa. Mbuzi walikizunguka, hawakukikaribia.

Simu ililia mchana, jua likiwa kali juu ya migomba. Ilikuwa namba ya Mbaka. Sauti ilikuwa ya Mbaka pia, lakini upole ulikuwa umechunwa, na nyuma yake mtu mwingine alikuwa akiita jina la mtoto, akiita, akiita, kama vile nyumba ilikuwa kubwa mno.

"Mama Kendi. Mwambie mama yako aje Embu. Nitatuma gari."

"Kuna nini?"

"Aje anywe chai tu. Aketi kwangu kama nilivyoketi kwake. Siwezi kusema kwa simu." Akavuta pumzi. "Naomba. Mwambie nimeomba."

Karambu alishusha simu. Alitaka kusema usiende, alitaka kusema mwache. Mama yake alikuwa tayari ameweka ungo chini.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Anataka uende kwake."

"Ameamuru?"

"Ameomba."

Ciakuthii alinyanyuka kwa shida, akashika goti, akaingia ndani kutafuta viatu vyake vya kanisani. Alitoka amejifunga leso kichwani, akapita kando ya kigoda bila kukitazama.

"Mama, utamwambia nini?"

"Nitakunywa chai yake," Ciakuthii alisema, akifunga kamba za viatu. "Halafu na mimi nitaomba. Sitasema uzimwe wala usizimwe. Nimekuwa na muda wa kuyafikiria maneno yangu."